Kima wafungua mapipa, kunguru wamalizia: tutengeneze vifaa gani vya kuishi na wanyama hapa Mombasa?

Fundi_Kisauni (mwanzisha uzi)

Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Kisauni. Kazi zangu ni geti, madirisha na vitanda vya chuma. Sasa nimeletewa kazi ya aina nyingine. Wenye nyumba za kupanga kule Nyali wanataka mapipa ya taka ambayo kima hawezi kuyafungua. Wana yale ya plastiki yenye mfuniko wa bawaba. Wameyafunga kwa mpira wa baiskeli, wameweka matofali juu, wapi.

Kabla sijakata chuma nilikwenda kukaa na askari getini niwatazame wenyewe wakifanya kazi. Alikuja jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Akatua juu ya mfuniko, akatia vidole chini ya ukingo palipopinda kwa jua, akavuta; haukwenda, maana ameukalia. Hakuvuta mara ya pili. Alihamia pipa la jirani, akashika mpini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akainua ule mfuniko alioukalia mwanzo. Tofali chini, pipa chini. Wenzake wakashuka kwenye mwarobaini. Niseme kweli, walichagua kwa adabu: maganda ya embe, mkate, ndizi zilizoiva kupita kiasi. Walipoondoka ndipo kunguru wakaingia, na hao hawachagui. Nepi ilikokotwa mpaka katikati ya barabara.

Tangu siku hiyo usiku nasoma. Kule Toronto, Kanada, wao shida yao ni rakuni, mnyama wa usiku mwenye vidole vyepesi mno. Mwaka 2016 jiji lilianza kugawa mapipa mapya ya taka za jikoni. Mwenye nyumba anazungusha kitasa kufungua, lakini mkono wa lori ukilipindua pipa komeo linaachia lenyewe kwa uzito wake. Rakuni akiliangusha likalala ubavu, komeo halisogei, kwa sababu kulala ubavu hakutoshi, lazima liinamishwe kupita hapo. Hakuna umeme, hakuna mtego, hakuna aliyeumia.

Kilichonivutia ni kwamba kazi hii ina wateja wawili. Mmoja ananilipa. Wa pili halipi, lakini ndiye atakayelijaribu pipa langu kila asubuhi, na ana wakati wote duniani. Nimezoea kumtengenezea mtu kitu. Sijawahi kumtengenezea mnyama *asichoweza*. Wenye mawazo leteni. Na si kima peke yake. Mji huu una kunguru, komba, popo, mbega kule Diani, kasa ufukweni. Nani ameona kifaa kinachofanya kazi?

Mzee_wa_Marikiti

Fundi, wajitafutia tabu. Kunguru hutiliwa dawa, kima hupigwa manati, basi. Juni 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, si walitangaza kwamba wataondoa kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha? Wewe wataka kuwakaribisha mezani.

Mwalimu_Tudor

Mzee wangu, shikamoo. Mimi nafundisha biolojia, na dawa hiyo siipingi. Inaitwa Starlicide. Kwanza huwazoesha kunguru kwa siku kadhaa kwa nyama safi mahali pamoja, kisha ndipo huitia dawa. Humuua baada ya saa 10 hadi 12, na mwilini mwake huwa imeshavunjikavunjika, kwa hiyo mwewe au paka atakayekula mzoga hana hatari kubwa. Kunguru huyu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa amefika Mombasa. Anakula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji. Muulizeni yeyote mwenye kuku Majengo vifaranga vinakwenda wapi.

Lakini tazameni jambo moja. Hakuna mahali popote duniani panapojulikana ambapo kunguru huyu anaishi mbali na watu. Msitu mtupu haumfai. Kwa hivyo ukiwahesabu kunguru wa mtaa, unachohesabu ni uchafu wa mtaa huo. Ukiua nusu yao na jaa likabaki wazi, waliobaki wanagawana chakula kilekile, wanataga, na msimu ujao unanunua dawa tena. Wale waliomleta Unguja walidhani wanaleta mashine ya kuzoa taka. Ilikuwa teknolojia ya wakati wao, na iliwashinda kwa sababu haikuwa na kizimio.

Kwa hiyo pipa la fundi, hata kama amelikusudia kima, ndilo dawa ya kunguru ya pili. Mimi ningeanzia Kongowea sokoni na kwenye machinjio kabla ya Nyali, lakini mwenye pesa ya kujaribu kwanza ni Nyali.

Sauti_ya_Changamwe

Watu hawana maji ya bomba, nyinyi mwawaza starehe ya kima. Mombasa raha kweli.

Fundi_Kisauni

> Watu hawana maji ya bomba

Sahihi kabisa ndugu yangu. Lakini ile nepi iliyokokotwa barabarani ikinyeshewa inakwenda kisimani kwa nani? Si kwa kima.

Bi_Ukunda

Uzi mzuri. Naandika kutoka kusini, ng'ambo ya feri, na ningependa kuwapa habari ya mbega kwa sababu kule kwetu kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mnyama unakiona kila siku juu ya kichwa chako.

Barabara ya pwani ya Diani imekata msitu vipande viwili. Mbega ni mnyama wa juu, anakula majani, chini hana raha hata kidogo. Barabara ilipopanuka na magari yakaongezeka, wakawa wanashuka kuvuka na kugongwa. Colobus Conservation, ambao wako Diani tangu 1997, walianza kutundika ngazi za kulala juu ya barabara, kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule. Leo ukipita na matatu unaziona moja baada ya nyingine. Kima na tumbili nao wanazitumia, hawakualikwa lakini hawakufukuzwa.

Mtu akitazama anaona ngazi tu. Lakini fikirieni alichozingatia aliyeitengeneza. Haikuwekwa palipo rahisi kufunga nguzo. Iliwekwa pale ambapo wanyama walikuwa tayari wanavuka na kufa. Lazima iwe juu kuliko lori refu. Lazima isigeuke mnyama mwenye mtoto akiikanyaga. Na mti ukiangushwa na mwenye kiwanja upande mmoja, ngazi inakuwa haina maana hata iwe imara vipi, kwa hivyo kazi nusu ni kuongea na wenye viwanja.

Shida ya pili ni nyaya za umeme. Mbega akishika waya mmoja hana neno, akigusa wa pili amekwisha. Hapo suluhisho ni mawili ya kuchosha: kukata matawi yanayokaribia laini, na kuvisha nyaya mpira mahali wanapopita. Matawi yanaota tena. Hakuna siku utakayosema kazi hii imekwisha, na kila ninaposikia mtu anasema ana "suluhisho la teknolojia" mimi huuliza kwanza nani atapanda ngazi na panga mwaka wa tano.

Mwanafunzi_Tononoka

Nadhani mnarudi nyuma sana na vyuma na ngazi. Mimi nasoma kompyuta. Kamera ndogo ya bei nafuu pamoja na programu ya akili unde inaweza kumtambua kima kwa sekunde moja. Akionekana, spika inalia sauti ya chui au mwewe, taa zinamulika, na ujumbe unakwenda kwa simu ya mwenye nyumba. Vyote vinaendeshwa na sola. Nimeshaandika sehemu ya programu, inatofautisha kima na paka vizuri. Nahitaji mtaa wa kujaribia.

Bi_Ukunda

Mwanangu, sikuvunji moyo, ila kima wako atacheka wiki ya pili. Kuna hoteli za huku zimeajiri vijana wa manati. Kima wanamjua kijana mwenye manati kwa sura na kwa shati la kazi. Akija likizo na nguo za nyumbani, wanamkaribia.

Mwalimu_Tudor

Tononoka, nakupa mifano miwili, mmoja wa kukuunga mkono na mmoja wa kukutahadharisha.

Wa kwanza ni Richard Turere, mvulana wa Kimaasai wa Kitengela, pembeni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wanavamia zizi la ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, haukusaidia. Alijaribu kinyago cha shambani. Siku ya kwanza simba wakaogopa, ya pili wakaona hakisogei. Ndipo akagundua kwamba akitembea na tochi hawaji. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na kile kisanduku cha indiketa ya pikipiki, akapanga taa zimulike kwa zamu kuzunguka zizi ili ionekane mtu anatembea. Mwaka 2013 dunia nzima ilimsikia akieleza habari hiyo akiwa na miaka 13. Huyo alianza na kile ambacho simba anakiogopa kwa kweli, yaani mtu aliye macho. Na simba anayekosea analipa kwa roho yake, kwa hiyo ana sababu ya kutojaribu.

Wa pili ni wa Sydney, Australia. Kule kuna kasuku weupe wenye kishungi ambao hufungua mapipa ya taka kwa mdomo: anainua mfuniko, anatembea ukingoni mpaka unapinduka. Kabla ya 2018 tabia hiyo ilijulikana katika vitongoji vitatu tu. Kufikia mwisho wa 2019 ilikuwa vitongoji 44, na watafiti walionyesha kwamba ndege walikuwa wanaigana. Watu wakaweka matofali, ndege wakayasukuma. Watu wakachomeka viatu vikuukuu kwenye bawaba. Jirani akawa anamuiga jirani, ndege anamuiga ndege. Kima wako wa Nyali yuko kwenye shule hiyohiyo. Sauti ya chui isiyofuatiwa na chui ni somo la bure kwake.

Mwanafunzi_Tononoka

Basi niongeze sauti tofauti tofauti, zisijirudie. Au maji yamrukie.

Sauti_ya_Changamwe

Maji tena! Tuleteeni sisi kwanza.

Fundi_Kisauni

😂 Changamwe leo umeshinda.

Kijana, mimi kwa upande wangu nina shaka moja ya kifundi. Chumvi. Ufukweni mwa Nyali bawaba ya chuma cha kawaida inaanza kutoa kutu kabla rangi haijazoea jua. Kamera, spika, waya za sola, kila kiungo ni mlango wa chumvi. Na kamera ya nje ya geti itamuona kima, na pia itamuona binti wa jirani akirudi saa tano usiku. Umemuuliza babake?

Mwalimu_Tudor

Kamera ina kazi nzuri sana, ila kazi hiyo si lazima iwe ya kufukuza. Utrecht, Uholanzi, kuna lango la maji kwenye mfereji katikati ya mji. Majira ya kuchipua samaki hupanda mto kwenda kutaga, lakini wakati huo mashua huwa chache na lango linakaa limefungwa, samaki wanarundikana nje wakiliwa. Tangu 2021 wameweka kamera chini ya maji, mtu yeyote popote anatazama kwenye intaneti, akiona samaki anabonyeza kengele, picha inamfikia mlinzi wa lango, naye akiona wamekuwa wengi anafungua. Samaki hajafundishwa chochote. Mlinzi ndiye aliyepata macho.

Nakushauri kamera yako iangalie mapipa kwa mwezi mmoja kimya kimya, itupe saa ambazo kima huja na siku ambazo taka huwekwa nje mapema. Hiyo programu yako ya kutofautisha kima na paka itakuwa imefanya jambo ambalo fundi hawezi kulifanya kwa kukaa na askari.

Mwanafunzi_Tononoka

Hapo nimekuelewa mwalimu. Na nitaielekeza chini, pipa tu, barabara isionekane. Fundi, nikuone wapi?

Nahodha_Mtongwe

Nyinyi wa bara la Nyali mna kima, sisi wa baharini tuna kasa. Nataka kusema juu ya taa kwa sababu nimeona neno hilo limepita mara mbili.

Kasa anapanda ufukweni usiku kutaga, mayai mia moja na zaidi, anayafukia, anarudi. Baada ya miezi miwili hivi watoto wanatoka mchangani, usiku pia. Hawana mama wa kuwaongoza. Wanafuata penye mwangaza, kwa sababu tangu dunia iumbwe upande wenye mwangaza usiku ni bahari, na upande wenye giza ni miti. Sasa hoteli imeweka taa nyeupe kali ukutani kuelekea mchangani. Watoto wanapanda kwenye bustani badala ya kushuka majini. Asubuhi unawakuta kwenye mtaro wa maji machafu, jua limeshawakausha, na kunguru wa mwalimu wameshafika.

Kifaa cha kutibu hilo hakina ufundi wowote: taa ishushwe chini, izibwe upande wa bahari, na iwe ya rangi ya kahawia-manjano badala ya nyeupe, maana kasa hasumbuliwi nayo sana. Kuna hoteli moja niliwaambia, wakanijibu wageni wanataka ufukwe uwake. Mgeni alitoka kwao kuja kuangalia taa?

Lakini upande wa nyavu kuna jambo limenishangaza. Wavuvi wa Sechura, Peru, walitiwa taa ndogo za kijani kwenye nyavu za kutega za chini, zile ambazo sisi tungeziita jarife, taa moja kila mita 10 ya kamba ya juu. Utafiti huo ulitoka 2016: kasa walionaswa walipungua kwa karibu asilimia 64, na samaki waliokusudiwa hawakupungua. Taa ileile iliyompoteza mtoto wa kasa ufukweni, huku inamuonyesha mkubwa kwamba mbele kuna wavu. Mimi kasa akiingia jarife langu hasara ni yangu pia. Anapasua wavu, napoteza usiku mzima kumtoa, na akifa nina kesi. Nikiuziwa taa hizo kwa bei ya mtu wa ngalawa, nanunua kesho. Kwa bei ya mtu wa utafiti, hapana.

Mzee_wa_Marikiti

Nahodha umesema. Bei ndiyo kitu chenyewe.

Mgema_Mtwapa

Na sisi wa minazi tusisahaulike. Mnatafuta teknolojia ya komba? Tuliimaliza zamani. Kibuyu cha tembo kikikaa wazi juu ya mnazi, komba yuwaja usiku, anywa, na asubuhi wamkuta amelala kwenye kuti hajui aliko. Mlevi kama komba si maneno ya bure. Dawa yake ni kufunika mdomo wa kibuyu ukazibika barabara. Hapigwi, hafukuzwi. Akijaribu akikosa aenda zake kutafuta wadudu, kazi yake ya haki.

Ila na mimi nina swali kwa mwalimu. Popo wa mwembeni kwangu wamepungua tangu taa mpya za barabarani zije. Ni taa au ni jambo jingine?

Mwalimu_Tudor

Mgema, kwa shamba lako siwezi kusema bila kuona, lakini popo wengi hukwepa mwanga mkali mweupe, hilo halina ubishi. Mji wa Nieuwkoop huko Uholanzi uliweka taa nyekundu za barabarani katika mtaa uliopakana na hifadhi, kwa sababu popo wa pale husumbuliwa na nyekundu kidogo sana, na watu bado wanaona njia. Kwa kawaida nguzo na waya hubaki vilevile, kinachobadilika ni rangi ya taa na saa za kuiwasha.

Kwetu hili lina uzito wa peke yake kwa sababu ya mibuyu. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, linaning'inia, na kesho yake limeshachoka. Popo wala matunda ndio wanaolichavusha usiku huo mmoja. Mkiwa bustani ya Mama Ngina mnapunga upepo, tazameni mibuyu ile na mjiulize nani ataizalisha mingine tukiwasha kila shina mpaka alfajiri. Yeyote huko kaunti anayesoma uzi huu, taa za bustani ziwe na saa ya kuzimika. Saa za kuzima taa zinauzwa mpaka Biashara Street.

Na kwa kuwa fundi aliuliza vifaa vya wanyama kwa jumla, niongeze kifupi kuhusu ndege wanaogonga vioo vya maghorofa: mistari au vitone juu ya kioo, upande wa nje, visiachane zaidi ya sentimita 5 kwa 10. Kibandiko kimoja cha picha ya mwewe katikati ya dirisha hakifanyi kitu.

Mkokoteni_Bamburi

Nimesoma yote, sasa niseme mimi ambaye ndiye nabeba hizo taka. Kikundi chetu chazoa Bamburi na sehemu ya Nyali. Hakuna aliyeniuliza.

Fundi, ukiniletea pipa la Toronto, lori lenye mkono liko wapi? Mkono ni huu wangu. Nina nyumba nyingi za kupitia kabla jua halijawa kali. Pipa likinitaka nizungushe kitasa, nibonyeze huku, niinue kule, siku ya tatu utalikuta limefungwa kwa waya likiwa wazi, ili nisisumbuke. Na si mimi peke yangu. Dada wa nyumbani anatoka na mfuko mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Mfuniko ukiwa mzito ataning'iniza mfuko kwenye mpini wa pipa aende zake. Kima hatahitaji hata kufungua.

Jambo la pili. Taka za Nyali hutolewa usiku. Sisi twapita asubuhi. Kima huamka kabla yetu. Taka zikikaa ndani mpaka tupige filimbi, hata kapu la makuti latosha.

La tatu, mwenye nyumba anayelipia pipa la chuma la maelfu, je, yuko tayari kutulipa sisi mwisho wa mwezi bila kufuatwa? Kuna mtaa mmoja tulikatiza kwa sababu hawakulipa, na wiki hiyo ndiyo waliyolalamika kima wamezidi.

Bi_Ukunda

Huyu ndiye angefungua uzi.

Fundi_Kisauni

Kaka Mkokoteni, nimekaa na maneno yako jana kutwa. Mchoro wa kwanza nimeuweka kando, huu ndio wa sasa, nipigeni.

Silitengenezi pipa tena. Natengeneza kizimba kimoja cha nyumba sita hadi nane, kando ya geti ambapo askari yupo. Mapipa yao ya plastiki yanaingia ndani vilevile yalivyo. Juu kuna bati lenye mteremko, hakuna ukingo wa kukalia wala wa kutia vidole. Mbele kuna tundu la kutia mfuko, lenye bamba la chuma linaloning'inia ndani: unasukuma kwa mfuko, unaachia, linarudi. Dada ana mkono mmoja, unamtosha. Kima dume ni kilo 7 hivi. Anaweza kulisukuma, hilo siwezi kulizuia, lakini nyuma ya bamba kuna mwinamo wa bati laini, mfuko unateleza chini, mkono wake hauufikii, na mwenyewe hapati pa kujishikia akiingiza mwili. Chini kuna kijishimo cha kutoa maji.

Mzoa taka ana mlango wake wa upande wa pili, upana wa mkokoteni, komeo moja tu la kusukuma kwa mkono mmoja lililo ndani ya kijibomba, mkono wa mtu unafika, wa kima ni mfupi. Bawaba na komeo ni chuma kisichoshika kutu, mengine nitapaka zinki. Hapo gharama imepanda, siwafichi.

Kinachonitia shaka ni nyani. Nyali hakuna, lakini mtu wa Mazeras akiniagizia, nyani dume hufika kilo 25 na zaidi, huyo kijibomba atakitia mkono mpaka begani.

Mwalimu_Tudor

Bamba la kuning'inia ni zuri. Weka uzito wa kutosha lisibaki wazi likikwama na mfuko. Na tumbili je? Ni mdogo kuliko kima, mtoto wake anaweza kuingia mzima akashindwa kutoka. Weka njia ya kutokea kwa ndani.

Fundi_Kisauni

Hilo sikuliwaza. Kipande cha wavu wa chuma ukutani kwa ndani, kutoka chini hadi kwenye tundu, apande atoke. Asante mwalimu.

Mkokoteni_Bamburi

Komeo la kusukuma nimelipenda. Lakini kijibomba hicho, nyigu watajenga ndani. Kitoboe chini.

Nahodha_Mtongwe

Zinki usipake kwa brashi, peleka kwa wanaotumbukiza. Ya brashi haimalizi kusi moja.

Mwanafunzi_Tononoka

Kamera iko tayari, inaelekea chini kama nilivyoahidi. Nataka niiweke mwezi mmoja kabla ya kizimba na mwezi mmoja baada yake. Askari amekubali, amesema tu isimpige picha akisinzia.

Mzee_wa_Marikiti

Fundi, kimoja bei gani? Nyuma ya duka langu kunguru wamenichosha na manati sina tena nguvu nayo.

Fundi_Kisauni

Mzee wangu, cha dukani hakihitaji mlango wa mkokoteni, kitakuwa chepesi. Nipe vipimo vya uchochoro, nikutafutie bati lililobaki kwenye kazi ya geti. Mkokoteni, Jumamosi uje karakana na mkokoteni wako mwenyewe, usiazime, nataka upana halisi pamoja na ile gurudumu lako lililopinda.